Ua la Kichwani pa Baba

Jumamosi asubuhi, majirani zake wa Edmonton wanaporudi kutoka shifti za usiku na kuvuta mapazia wapate kulala, Zipporah Nyakio huwa ndiyo anatoka. Huvaa koti lake la kahawia, viatu vya kutembelea, na skafu nyekundu ambayo haikununuliwa kwa ajili ya baridi. Mtu anayeongoza wageni katika mitaa ya London lazima awe na kitu cha kufuatwa. Wengine huinua mwavuli. Zipporah alichagua skafu, kwa kuwa mikono yake huihitaji kwa kusimulia.

Siku nyingine zote yeye ni mtu wa kea. Huogesha wazee, huwalisha uji wa shayiri, huwageuza kitandani mgongo usipate vidonda. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa Balwinder, maana mama yake Balwinder, bibi Singasinga mzaliwa wa Nakuru, alikuwa miongoni mwa wazee wake kule Ilford. Bibi yule katika uzee wake alikuwa amekipoteza Kiingereza chote, akabaki na Kipunjabi cha utotoni na Kiswahili cha soko la Nakuru. Zipporah akimchana nywele alimsimulia habari za kwao, za mashamba ya chai na namna babu zake walivyoamka siku moja wakaambiwa ni wageni katika nchi yao. Mwanawe akisikiliza mlangoni, kikombe mkononi. Bibi alipofariki, Balwinder alimwita Zipporah pembeni, akamwambia kwamba ana kibiashara kidogo cha kutembeza watu na kuwaonyesha historia ambayo haikuandikwa ukutani, na kwamba waongozaji wake wote wamesoma sana lakini hakuna anayeweza kumfanya mtu asahau mvua.

"Mama Allan," alisema, "babu zako waliporwa ardhi. Babu zangu walikuwa palepale, wanapigilia misumari veranda ya mporaji. Sasa mimi nauza tiketi. Sijui huko mbele tutapokewaje, lakini twende tukiwa wawili."

Ndivyo alivyoanza, na akajulikana.

Ziara yake huanzia Cheapside, mbele ya sanamu ya nahodha aliyevuka bahari kwenda kusimamisha makazi Virginia. Hapo huwaeleza wageni habari za watu waliokuta nchi ina wenyewe, wakalishwa mahindi na wenyewe hao wakati wa njaa, na shukrani waliyoitoa baadaye kwa risasi. Kisha huwapeleka Leadenhall, pale palipokuwa na makao ya kampuni iliyokwenda India kutafuta pahali pa kuweka ghala la viungo, ikaishia kutawala watu wengi kuliko mfalme wao. Na hapo, kila Jumamosi, husimama, akawaangalia mmoja mmoja.

"Hakuna aliyeanza kwa kuomba nchi nzima," huwaambia. "Wote waliomba pahali padogo tu. Pahali pa ghala. Pahali pa kulala."

Watu huandika maneno hayo kwenye simu zao. Kisha humfuata hadi kituo cha mwisho, uchochoro ulio karibu na Mincing Lane, mtaa ambako zamani chai ya dunia nzima ilipigwa mnada. Katika uchochoro huo kuna jengo la vioo, na ndani yake ofisi za kampuni ambayo leo ndiyo mwenye shamba alikozaliwa Zipporah. Hapo historia huacha kuwa ya wengine.

Huwasimulia juu ya mzungu ambaye wenyeji walimwita Kihara, kwa upara wake, aliyekuja na karatasi ya Nairobi iliyosema kwamba kilima kile hakina mtu, ilhali moshi wa jiko la nyanya yake Zipporah ulikuwa unampita usoni. Babu akapewa kuchagua, ahame au abaki kama skwota, alime siku zake kwa Kihara na apewe pembe ya kulishia mbuzi. Akabaki. Baba yake Zipporah akazaliwa skwota, akapogoa chai ya kampuni iliyonunua kwa wana wa Kihara, akafa angali na kisu cha kupogolea kiunoni. Shamba lilikuwa na sheria yake, kwamba mfanyakazi akifa apelekwe kwao. Lakini kwao kulikuwa ni papo hapo. Meneja wa wakati ule, mtu aliyekaribia kustaafu na asiyependa kelele, aliwaruhusu wamzike chini kabisa, pale mistari ya chai inapokutana na kijito, kwa sharti kwamba kusiwekwe jiwe, wala saruji, wala msalaba. Basi mama yake Zipporah alipanda ua la itoka kichwani pa mumewe.

"Kwetu itoka ndilo ua la mpaka," Zipporah huwaambia wageni. "Wazee wakigawana ardhi, walipanda itoka kwenye mstari, na aliyeling'oa alikuwa amejitafutia laana. Baba yangu hana jiwe. Ana mpaka."

Hapo ndipo watu hulia. Waliotoka Marekani, Uholanzi, Manchester, huangalia juu kwenye vioo, na vioo huwarudishia nyuso zao. Mtandaoni walikuwa wakiwaandikia wengine wasikose ua la Zipporah. Nyota tano, nyota tano. Yeye alizisoma ndani ya basi, na kwa muda mrefu aliamini kwamba huko ni kufika mahali.

Mama alifariki mwezi wa pili, kwa kifua, katika hospitali ya wilaya. Njoroge, mdogo wake Zipporah, ndiye aliyepiga simu, na baada ya wote wawili kumaliza kulia alimweleza neno ambalo mama alikuwa amelirudia mpaka sauti ikakatika, kwamba alazwe kando ya baba, pale kijitoni. Njoroge alikwishakwenda kwa meneja. Meneja wa sasa alikuwa kijana Mkenya mwenzao, mwenye adabu, aliyesema kwamba kwa upande wake hana neno, ila mambo ya kaburi yanaamuliwa London.

Wazee wa mbari waliketi. Kila jioni simu iliwekwa katikati ya meza ili Zipporah naye awepo. Akasikia vikombe, kikohozi, mbuzi kwa mbali. Mjomba wao, mzee wa maneno makavu, aliinama juu ya simu kana kwamba ni kisima.

"Nyakio. Miaka yote hii umekuwa ukiwaonyesha watu mlango wa hao wenye shamba. Si leo uingie?"

Wakacheka, naye akacheka. Lakini alijua kwamba mzaha ule ulikuwa umembeba mtu mzima. Yeye hakuweza kwenda kumzika mama. Ombi lake la kuongezewa ukaazi lilikuwa bado Home Office, kwa watu wa uhamiaji, na mwenye ombi akitoka nje ya nchi kabla ya kujibiwa, huhesabiwa kuwa ameliacha. Angeenda, asingerudi kwa mwanawe Allan wala kwa wazee anaowahudumia. Hangeshika udongo. Hangeimba. Kitu pekee ambacho binti huyu mkubwa angeweza kumpa mama yake kilikuwa ni ile ruhusa, na mama alikuwa mochari, akingoja.

Jumatatu aliingia katika jengo la vioo kwa mara ya kwanza. Wa mapokezi alimtambua kwa skafu. Alimwambia kwa upole kwamba huwa wanamwona kila Jumamosi, akachukua namba yake. Siku ya pili alipigiwa na mwanamke aliyeitwa Reena, wa idara inayoshughulika na jamii zilizo kandokando ya mashamba. Baada ya maneno machache ya Kiingereza, mwanamke huyo akageukia Kiswahili, cha kusuasua, chenye harufu ya duka. Wazazi wake walikuwa wa Kisumu, alisema, na yeye amekulia Kenton, hapa London, lakini nyumbani watu wakigombana walikuwa wanagombana Kiswahili.

"Pole sana kwa mama, dada," alisema. "Mimi nataka kuelewa. Hapa ofisini wanasema kaburi, kaburi, lakini hakuna mtu anajua ni nini hasa nyinyi nataka."

Zipporah aliegemea ukuta wa jikoni. Tangu afike nchi hii alikuwa ameongea na ofisi nyingi, na hapakuwa na hata moja iliyowahi kumwambia inataka kuelewa. Akasema kile ambacho msimulizi yeyote angesema.

"Njoo Jumamosi utusikie. Ukisikia, utaelewa."

Balwinder alipopata habari hakufurahi. Walikutana Ijumaa kwenye mkahawa karibu na stesheni ya Ilford, yeye akivunjavunja biskuti bila kuila. Alisema kuwa babu yake fundi alikuwa na kanuni moja, ya kutomwonyesha mteja misumari ilipo. Mteja aone veranda, akae, anywe chai yake. Akamshauri awaambie habari za mama, ugonjwa, uzee, upendo wa mke na mume, lakini lile la ua na mpaka aliruke.

"Ua ndilo ziara," Zipporah alijibu.

"Ndiyo. Na ziara ni ya watalii, Mama Allan. Huyu si mtalii."

Usiku ule alijaribu kuisimulia bila ua, akiwa peke yake mbele ya sinki. Ikawa kama nyumba isiyo na nguzo. Wasipojua ua ni nini, alijiambia, watajuaje tunachoomba? Allan alishuka ngazi, kijana mrefu mwenye kusikia Kikuyu na Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, akamwuliza anaongea na nani. Akamwambia anaongea na shosho, nyanya yake. Allan akambusu utosini, akarudi juu.

Jumamosi ilikuwa na mawingu lakini haikunyesha. Reena alikuja kama alivyoahidi, mwanamke wa makamo, koti zuri, viatu ambavyo havikufaa kutembea. Hakujitambulisha kwa wengine. Cheapside alisimama nyuma. Leadenhall alikuwa katikati. Zipporah aliposema lile la pahali padogo, alimwona akitikisa kichwa taratibu kama mtu kanisani. Na walipofika uchochoroni, mbele ya milango ya kazini kwake mwenyewe, Reena alikuwa mbele kabisa, na machozi yalikuwa yakimtoka bila ya yeye kuyapangusa.

Mtu mwenye kazi ya kusimulia akiona chozi huwa kama mchungaji aliyeona mvua. Hawezi kunyamaza. Zipporah alisimulia Kihara, akasimulia kisu kiunoni, akasimulia itoka. Kisha, kwa kuwa mama alikuwa mochari na moyo ulikuwa umejaa hadi mdomoni, akaongeza neno ambalo hakuwahi kulisema Jumamosi yoyote. Aliwaambia kwamba mama naye atalala pale, na kichwani pake watapanda ua lake. Akainua vidole viwili, akavitenganisha hewani.

"Ua moja ni ua tu," alisema. "Maua mawili ni mpaka."

Kwa mbali basi lilipumua breki. Hata yeye alisikia kwamba maneno yale ni mazuri, na, Mungu amsamehe, kwa pumzi moja alifurahi.

Reena alimkumbatia kabla ya kuondoka. Jioni ile Zipporah aliwaambia wazee kwenye simu kwamba mambo yanaelekea vizuri, kwamba mwanamke wa kampuni amelia. Mjomba akauliza kama amelia kwa sauti au kwa machozi tu. Kwa machozi. Mjomba akasema basi tungoje.

Walingoja. Njoroge na vijana walikwenda kijitoni kufyeka nyasi, wakaacha ua lilivyo. Mama mmoja wa kanisa akatoa mche wa itoka kutoka bustani yake, ukawekwa ndani ya mkebe wa maziwa kwenye kibaraza, ukamwagiliwa.

Reena hakuandika. Angeweza kuandika, na kwa hilo Zipporah alimheshimu hata baadaye. Alimwomba wakutane, wakaketi kwenye benchi katika kibustani cha kanisa moja la City, mtaa wa mabenki, miongoni mwa mawe ya makaburi ya wafanyabiashara, majina yao yamesuguliwa na mvua lakini yapo. Alikuwa amekonda uso. Alieleza kwamba baada ya ziara aliwaambia wakubwa wake yote, kila neno, kwa sababu alitaka wasikie kama alivyosikia yeye. Hakuficha kitu. Mmoja wao alisikitika kabisa. Kisha wakili akauliza swali moja, kama ni kweli kwamba kwa desturi ya watu wale ua lile ni alama ya mpaka. Reena akasema ndiyo. Wakili akauliza, na la pili?

"Jibu ni hapana," alisema Reena. "Pole."

Zipporah aliangalia mikono yake. Alisema kwamba ni futi chache tu za udongo, chini kijitoni, mahali ambapo hata chai haikubali.

"Dada," Reena alisema, "wewe mwenyewe ulitufundisha. Hakuna mtu anaanza kwa kuomba nchi nzima."

Hakuwa anamdhihaki. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulibeba. Alikuwa akirudisha kitu alichopewa, kwa mikono miwili, kama mtoto anayeonyesha kwamba somo amelishika. Akasema tena kwamba Jumamosi ile alilia kweli, na Zipporah akamwambia najua, nilikuona. Njiwa walitembea juu ya jiwe la mtu fulani. Kisha Reena akarudi ofisini.

Mama akazikwa katika makaburi ya mji, mstari wa chini, karibu na barabara ya malori. Allan alishika simu kwa mikono miwili ili picha isitikisike, na mama yake akaangalia jeneza likishuka katika ardhi nyekundu ambayo kwenye kioo ilionekana ya kahawia. Mtandao ulikatika wakati wa wimbo. Uliporudi watu walikuwa wanafuta majembe. Njoroge aliupanda ule mche wa mkebe kichwani pa mama, lakini katika makaburi ya umma kila mtu amepanda kitu, na ua la mpaka lisilo na mwenzake halitenganishi chochote.

Alidhani yamekwisha. Majuma machache baadaye Njoroge alipiga tena, wakati ambao si wa kupiga, akaulizia Allan, akaulizia baridi, mpaka Zipporah akauliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa, alisema. Ila jana lilikuja trekta kijitoni. Ua la baba limeng'olewa na kiazi chake, wakalainisha ardhi, wakapanda miche ya chai. Alikwenda asubuhi na kuhesabu mistari kutoka kijitoni, akahesabu tena kutoka juu, na hakuweza kujua baba yuko chini ya mche gani.

Zipporah aliuliza nani alitoa amri.

"Amri ilitoka huko kwenu," Njoroge alisema. Alikuwa hana hasira, na hilo lilimtisha. "Meneja mwenyewe alishangaa. Ananiambia, miaka yote hii sisi tulidhani ni gugu."

Tulidhani ni gugu. Alikaa na maneno yale kwenye ngazi, taa ikiwa imezimika. Mameneja walipita, Wazungu na Waafrika, wafyekaji wakapita na panga zao, kampuni ikabadilisha jina na rangi ya malori, na ua lilisimama. Mama alilipanda bila kumweleza mtu maana yake. Aliulizwa mara moja na karani, akasema linafukuza fuko wanaokula mizizi. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amelificha ua lake mahali ambapo hakuna awezaye kulipata, katika ujinga wa wenye nguvu, na binti yake alikwenda kulitoa humo, Jumamosi baada ya Jumamosi, mlangoni pao, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi barabara ya pili.

Allan alimkuta hapo. Alimwuliza, kwa Kiingereza chake cha Edmonton, hilo ua lilikuwa la namna gani, maana amelisikia maisha yake yote na hajawahi kuliona. Zipporah alichukua simu amwonyeshe. Alitafuta picha za safari yake ya mwisho nyumbani, kabla ya mambo ya ukaazi kuharibika. Mama kibarazani. Mbuzi. Njoroge na baiskeli. Kijito kilikuwepo, na nyasi, na kidole chake mwenyewe kikiwa kimeziba kona. Ua halikuwepo. Alilisema mara nyingi hivi kwamba aliamini analo.

Balwinder alimwambia apumzike, ziara zitamngoja. Halafu akamwambia, kwa shida, kwamba kama hataki tena uchochoro ule, waukate, waishie Leadenhall, hakuna atakayelalamika. Hakutia mzaha wowote. Zipporah alijibu kwamba watu wameshalipia.

Jumamosi iliyofuata alijifunga skafu. Cheapside alieleza habari za nahodha na mahindi. Leadenhall alieleza ghala la viungo, lakini alipofika mahali pa kusema lile la pahali padogo, midomo ilikataa, akawaelekeza waangalie vioo na mabomba ya jengo jipya, ambayo kwa kweli watu huyapenda. Uchochoroni alisimama mahali pake pa siku zote. Alisema kwamba hapa karibu chai ilikuwa inauzwa kwa mnada, masanduku kwa masanduku, na kwamba chai hiyo ilitoka mbali. Akaishia hapo. Wageni walingoja. Mmoja akaangalia saa.

Mwanamke mwenye mvi, aliyesafiri kutoka Leeds kwa ajili ya siku hii, akainua mkono. Alisema kwamba rafiki yake alimwandikia asikose habari ya ua.

Milango ya vioo ilikuwa wazi, kwa kuwa hali ya hewa ilikuwa nzuri. Ndani, wa mapokezi aliinua kichwa, akamtambua, akatabasamu. Zipporah alimgeukia mgeni wake, lakini sauti aliipeleka mlangoni.

"Lilikuwa gugu," alisema. "Linafukuza fuko."

Mwanamke wa Leeds hakuelewa, akatazama wenzake. Zipporah alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea stesheni, na wageni, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya lingine, waliifuata skafu nyekundu.